Mwongozo kamili wa kupita katika mfumo wa afya: kuanzia mlango wa kwanza hadi rufaa na kurudi nyumbani

Mama alitoka wodini akiwa na mfuko wa dawa na hamu ya kulala kitandani kwake. Siku ya tano vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, viatu havimwingii, na kila akisimama anashika ukuta kwa kizunguzungu. Nikamwaga dawa zake zote mezani: za hospitali, za kliniki binafsi aliyokuwa akihudhuria kabla ya kulazwa, na zile tulizowahi kununua duka la dawa. Pakiti mbili zilikuwa na rangi tofauti na majina tofauti yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Nikazigeuza. Chini, kwa maandishi madogo, zote mbili zilisema amlodipini. Mama alikuwa akimeza dawa ile ile ya shinikizo la damu mara mbili kila siku.

Tulirudi hospitali siku hiyo hiyo, dawa moja ikaondolewa, na baada ya siku chache uvimbe ukaanza kupungua. Lakini jambo lile halikunitoka. Daktari wa kliniki alikuwa ameandika dawa sahihi. Daktari wa wodini naye aliandika dawa sahihi. Kila mmoja ndani ya chumba chake alifanya kazi yake vizuri, na mgonjwa akaumia katikati, mahali ambapo hapana dawati la mtu yeyote.

Tangu hapo nimeuguza ndugu kadhaa na kusindikiza majirani, na nimeona kwamba wagonjwa wengi hupotea kwenye maungio: kati ya zahanati na hospitali, kati ya huduma ya serikali na ya binafsi, kati ya zamu ya usiku na ya asubuhi, kati ya wodi na nyumbani. Mwongozo huu ni wa anayeuguza mtu au anayejiuguza mwenyewe, popote alipo, ili ajue mfumo umepangwaje na ashike nini mkononi kila anapovuka ungio moja kwenda jingine.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya ngazi

Karibu kila nchi imepanga huduma zake kwa ngazi, na mchoro wake ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1920 kamati iliyoongozwa na Lord Dawson nchini Uingereza ilipendekeza vituo vya afya vya msingi karibu na makazi ya watu, juu yake vituo vya ngazi ya pili vyenye mabingwa, na juu kabisa hospitali za kufundishia. Mwezi Septemba 1978, katika mkutano wa Alma-Ata (siku hizi Almaty, Kazakhstan), mataifa yalikubaliana kuwa huduma ya afya ya msingi ndiyo iwe mhimili wa mfumo mzima, na afya isiachwe kuwa kazi ya hospitali kubwa peke yake.

Kwa mgonjwa, ngazi hizo huonekana hivi. Chini kabisa yupo mhudumu wa afya ya jamii: anayepita nyumba kwa nyumba, anayejua nani ana mimba, mtoto yupi amekosa chanjo, mzee yupi ameacha dawa. Kisha zahanati, kituo cha afya au kliniki ya daktari wa familia. Hapo hutibiwa magonjwa mengi ya kila siku, huchanjwa watoto, hupimwa wajawazito na hufuatiliwa wenye kisukari na presha. Ngazi ya pili ni hospitali yenye wodi, maabara kubwa zaidi, picha za mionzi na chumba cha upasuaji. Ngazi ya tatu ni hospitali ya rufaa yenye mabingwa na mabingwa bobezi: wa moyo, figo, ubongo, saratani, watoto njiti.

Wengi hurukia juu kwa imani kwamba jengo kubwa ndilo lenye tiba bora. Nawaelewa, maana nami nilikuwa hivyo. Lakini bingwa wa figo anaangalia figo. Anayekuona mara kwa mara katika ngazi ya kwanza anakuona wewe mzima: anakumbuka kwamba mwaka jana dawa fulani ilikuwasha mwili, kwamba unalala saa chache kwa sababu unamuuguza mumeo, kwamba uzito wako umeshuka. Kumbukumbu hiyo ni kifaa cha tiba, na hakuna mashine inayoiziba nafasi yake.

Chukua karatasi, uandike vituo vitatu: cha ngazi ya kwanza kilicho karibu nawe, hospitali inayopokea rufaa kutoka hapo, na hospitali kubwa ya mwisho. Mbele ya kila kimoja andika saa za kufungua, namba ya simu, na majibu ya maswali haya: wanapokea wagonjwa usiku? Wanafanya upasuaji wa uzazi? Wana damu ya kuongeza? Wana oksijeni? Gari la wagonjwa linaitwaje, na linatokea wapi? Uliza ukiwa mzima. Saa nane za usiku, mtoto akiwa kwenye degedege, hakuna anayeweza kukusanya majibu hayo.

Hatua ya pili: tofautisha mmiliki, mlipaji na msimamizi

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tumezoea kugawa huduma makundi mawili, ya serikali na ya binafsi, kama kwamba ya kwanza ni ya bure na ya pili ni ya kulipia. Hali halisi ina maswali matatu tofauti. Nani anamiliki kituo? Nani analipia matibabu yako humo? Na nani mwenye mamlaka ya kukikagua, kukipa leseni na kukifungia? Majibu yanaweza kuwa ya watu watatu tofauti kwa kituo kimoja.

Angalia Uingereza, nchi inayotajwa kama mfano wa huduma ya umma. Huduma yake ya taifa ilianza Julai 5, 1948, na inalipiwa hasa kwa kodi, lakini madaktari wengi wa familia tangu mwanzo wamekuwa watu wanaojitegemea wenye mkataba na huduma hiyo. Si watumishi wa serikali. Nchini Kanada, madaktari wengi pia wanajitegemea, ilhali bili ya mgonjwa kwa huduma za lazima inalipwa na bima ya umma ya jimbo. Nchini Ghana, hospitali nyingi za makanisa zina wafanyakazi wanaolipwa mishahara na serikali. Nchini Tanzania zipo hospitali za mashirika ya dini zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya kwa mkataba na serikali, na watu huziita hospitali teule. Ukisoma kibao cha getini tu, utakosea.

Kwa hiyo unapofika kituoni kwa mara ya kwanza, usiulize kama ni cha serikali au cha binafsi. Uliza: mnapokea bima yangu kwa huduma zipi? Kwa aliye na msamaha, mfano mjamzito au mtoto mdogo pale ambapo sheria inawapa, msamaha huo unafanya kazi hapa? Leseni yenu iko wapi? Leseni hupaswa kubandikwa ukutani mahali pa wazi, na mtoa huduma mwaminifu hakasiriki ukiisoma.

Zipo sekta nyingine ambazo wengi husahau kuzihesabu. Jeshi na magereza huwa na vituo vyao, na katika nchi nyingi hospitali za jeshi hupokea raia. Mashamba makubwa, migodi na viwanda huwa na zahanati kwa wafanyakazi; ukiugua kwa sababu ya kazi, faili la hapo linaweza kuwa ushahidi wa fidia, basi omba nakala kabla hujaacha kazi. Mashirika yasiyo ya kiserikali huendesha miradi ya ugonjwa mmoja mmoja, na mradi hufikia kikomo: waulize mapema mgonjwa atahamishiwa wapi siku watakapofunga. Duka la dawa nalo ni mlango wa kwanza kwa watu wengi mno, hata kama halimo kwenye mchoro wa ngazi.

Na waganga wa tiba asili. Sitaki kumsema mtu anayemwamini mganga wake. Ninachoomba ni kimoja: mwambie daktari au muuguzi kila mzizi na kila unga unaotumia. Baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za hospitali, hasa za kuzuia damu kuganda na za virusi vya UKIMWI. Ukificha kwa aibu, umeongeza ungio jingine ambalo hakuna anayelilinda.

Hatua ya tatu: jua pesa inatoka wapi kabla hujaugua

Nchi hulipia afya kwa njia chache, nyingi zikiwa mchanganyiko. Mwaka 1883 Ujerumani, chini ya Otto von Bismarck, ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, ikichangiwa na mfanyakazi na mwajiri. Hiyo ndiyo njia ya mifuko ya bima. Njia ya Uingereza ya mwaka 1948 ni ya kodi. Thailand mwaka 2002 iliwafikia kwa pesa ya kodi wale waliokuwa nje ya bima zote, kwa ada ndogo kila wanapokwenda kutibiwa. Na mahali pengi duniani bado ipo njia ya nne, iliyo mbaya kuliko zote: kulipa kutoka mfukoni siku ile ile unayoumwa. Njia hiyo humkuta mtu akiwa dhaifu kuliko siku zote, na humfanya auze kitu ambacho familia ingekitegemea kesho.

Ukiwa na bima, soma mkataba wako leo ukiwa na kalamu. Tafuta orodha ya vituo vyenye mkataba. Muda wa kusubiri kabla ya kuanza kunufaika, hasa kwa uzazi na upasuaji. Ukomo wa gharama kwa mwaka. Kiasi unachochangia mwenyewe. Magonjwa yaliyoachwa nje. Wategemezi wanaokubalika na umri wao. Na huduma zinazohitaji kibali cha awali. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Mgonjwa anafika kwa kipimo kikubwa, anaambiwa kibali hakijaja, anarudi nyumbani, anarudi tena. Kipimo kikiandikwa, muulize daktari papo hapo kama kinahitaji kibali, nani anatuma maombi, na utajuaje kwamba yamejibiwa. Andika jina la aliyekujibu.

Usipokuwa na bima, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla bili haijakua. Watu humwendea siku ya kuruhusiwa, mgonjwa akiwa amezuiliwa kitandani, wakati ambapo hana la kufanya ila kuandika barua. Akikufahamu siku ya kwanza anaweza kukutafutia msamaha, mpango wa kulipa kidogo kidogo, au mfuko wa wagonjwa wa aina yako.

Hatua ya nne: uwe na mlango wako wa kwanza, na daftari lako

Chagua kituo kimoja cha ngazi ya kwanza kiwe chako, kiwe cha umma au cha binafsi, na urudi hapo hapo. Ukihama kila homa, kila anayekuona anaanza upya.

Kisha nunua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwili ni mali. Yapo maeneo yenye mifumo ya kompyuta inayobeba taarifa kutoka kituo hadi kituo, lakini mara nyingi mfumo wa hospitali moja hauzungumzi na wa jirani, na ya serikali na ya binafsi ndiyo husikilizana kwa nadra zaidi. Daftari husomeka kote, hata umeme ukikatika.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la mama una majina yake, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu, magonjwa yake ya kudumu, upasuaji aliofanyiwa na mwaka wake, na dawa inayomdhuru, hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu. Ukurasa wa pili ni dawa za sasa: jina halisi, kipimo, saa, ya nini, na nani aliiandika. Dawa ikiachwa, naikata kwa mstari mmoja na kuandika tarehe na sababu. Siifuti, maana daktari anayefuata atataka kujua kwa nini iliachwa. Kurasa zinazofuata ni mahudhurio, na nyuma nimebandika bahasha ya majibu ya vipimo. Ukurasa wa pili nimeupiga picha kwa simu.

Siku ya kwenda, andika mambo matatu unayotaka yajibiwe. Anza na lile linalokutisha zaidi. Wengi huanza na dogo, wakabaki na kubwa mdomoni mpaka mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Eleza lini ilianza, inakuja wakati gani, nini huiongeza, nini huituliza, na umeshameza nini.

Hatua ya tano: dharura huruka ngazi

Yote niliyosema kuhusu kuanzia chini yanasimama pembeni pale uhai unapokuwa hatarini.

Mtoto mdogo asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na hajitambui, hasubiri asubuhi. Mjamzito anayetokwa damu, mwenye kichwa kinachopasuka na macho kuona ukungu, au aliyepata kifafa cha mimba, vivyo hivyo. Maumivu ya kubana kifuani yanayotambaa mkononi au shingoni. Kupumua kwa shida. Uso uliopinda upande mmoja, mkono usionyanyuka, maneno yanayovurugika ghafla: hicho ni kiharusi mpaka kithibitishwe vingine. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana na kumfaa mgonjwa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Bila saa hiyo, daktari anaweza kushindwa kuitoa.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Naona ucheleweshaji huo unahusu dharura zote, na mwenye mgonjwa ana la kufanya katika kila aina. Ucheleweshaji wa kwanza unatibiwa nyumbani, kwa kukubaliana mapema nani ana ruhusa ya kuamua baba au mama mkwe akiwa safarini. (Nimeona mgonjwa akisubiri simu ya mtu aliyekuwa njiani, na jambo lile bado linaniuma.) Wa pili unatibiwa kwa ile karatasi ya ramani. Wa tatu unapunguzwa kwa kupiga simu hospitali mkiwa njiani na kusema mnakuja na nini.

Mkifika, mtapokewa na anayepanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, si kwa foleni. Atapima mapigo, pumzi, joto, shinikizo la damu na ufahamu, kisha atakupa nafasi. Ukiona aliyekuja baada yako anaingia kwanza, vumilia. Lakini mgonjwa wako akibadilika mkiwa mnasubiri, simama uende ukaseme tena, maana nafasi ile ilitolewa kwa hali ya dakika ile.

Hatua ya sita: rufaa ni safari ya kwenda na kurudi

Rufaa ni kukabidhiana jukumu. Kituo kinasema: huyu amezidi uwezo wetu, tumefanya haya, tunaomba mfanye haya. Karatasi yenye maneno mawili, "kwa uchunguzi zaidi", haijakabidhi kitu. Kabla hujatoka getini, soma barua yako na uangalie kama ina:

- sababu ya rufaa na swali wanaloomba lijibiwe
- walichokiona walipompima, na majibu ya vipimo yakiwa yameambatanishwa
- dawa alizopewa, kiasi, na saa ya dozi ya mwisho
- dawa inayomdhuru
- jina na simu ya aliyeandika

Saa ya dozi ya mwisho nairudia kwa makusudi. Mjamzito mwenye kifafa cha mimba hupewa magneziamu salfeti. Ni dawa inayookoa, lakini ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi. Anayempokea akiwa hajui ya kwanza ilitolewa saa ngapi, ama ataogopa kumpa inayofuata, ama atampa mapema mno.

Uliza pia: mmewapigia? Wamekubali kumpokea? Kuna kitanda? Nani anamsindikiza? Mgonjwa wa kuongezewa oksijeni hasafiri na ndugu peke yao. Ukihama kutoka hospitali binafsi kwenda ya umma, au kinyume chake, dai nakala za majibu na picha zenyewe, maana hapo ndipo vipimo hurudiwa vyote kuanzia mwanzo, kwa pesa yako na kwa damu ya mgonjwa.

Nusu ya pili ya rufaa ni kurudi, na hii husahaulika sana. Hospitali ya juu ikimaliza, inapaswa kumwandikia aliyekutuma: tumekuta nini, tumefanya nini, wewe endelea na nini. Iombe barua hiyo kwa jina lake, barua ya kurudisha rufaa, kisha uipeleke kwa mkono wako. Nesi wa zahanati yetu aliposoma ya mama alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nawatuma wagonjwa, hii ni ya pili kurudi." Akaiweka kwenye faili, na tangu siku hiyo alijua presha ya mama isishushwe kupita kiasi gani.

Hatua ya saba: dawa zina jina moja halisi

Tangu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha majina ya kimataifa ya dawa, jina moja kwa kila kiini cha dawa, ili daktari wa nchi moja aelewane na mfamasia wa nchi nyingine. Kampuni huongeza majina yake ya biashara juu yake. Jina halisi ndilo la kujifunza. Likikaa kichwani utajua kwamba dawa uliyoambiwa imekwisha dirishani huenda ipo kwa jina jingine, na utajua pia kwamba dawa ya mafua uliyonunua ina parasetamoli ndani, hivyo usiongeze vidonge vya parasetamoli juu yake bila kujumlisha. Kuzidisha parasetamoli huharibu ini.

Orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na nchi nyingi zimejitengenezea yao kutokana nayo, mara nyingi zikipanga ipi ipatikane ngazi ipi. Ndiyo maana dawa ya bingwa huenda haipo zahanati hata siku moja. Ukiruhusiwa na dawa ya namna hiyo, muulize bingwa kama ipo mbadala inayopatikana ngazi ya chini, au nani atakuwa anakuandikia kila mwezi.

Chanjo nyingi na insulini isiyofunguliwa huhitaji nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, na insulini ikiganda kwa barafu haifai tena hata kama inaonekana kawaida. Usiiweke karibu na sehemu ya kugandishia.

Hatua ya nane: siku ya kuruhusiwa

Siku hii kila mtu ana haraka. Mgonjwa anataka kwenda, wodi inahitaji kitanda, ndugu wameshaita gari. Nakuomba uichukue kuwa siku ya hatari, kwa sababu ndiyo iliyomponza mama.

Peleka dawa zote za nyumbani wodini. Zipange kitandani pembeni ya hizo mpya, na muombe daktari, mfamasia au nesi azitaje moja moja: hii inaendelea, hii inaachwa, hii imebadilishwa kipimo, hii ni mpya. Kazi hiyo huchukua dakika kumi. Halafu rudia kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa, wakusikilize na kukusahihisha. Kuitikia "ndiyo, nimeelewa" hakumwonyeshi mtu chochote. Uliza dalili zipi zikurudishe haraka na urudi wapi, majibu gani ya maabara bado hayajatoka na nani atakupigia, tarehe ya kliniki, na kama kidonda au mpira wa mkojo unahitaji mtu wa kuuhudumia nyumbani. Mhudumu wa afya ya jamii apewe taarifa siku hiyo hiyo kwamba mgonjwa amerudi.

Hatua ya tisa: maradhi ya kudumu na huduma ya nyumbani

Kisukari, presha, kifafa, VVU, magonjwa ya akili: haya ni maradhi ya ngazi ya kwanza kwa sehemu kubwa, yenye ziara chache kwa bingwa. Kifua kikuu cha kawaida kwa mtu mzima kwa kawaida hutibiwa miezi 6, na kuacha katikati hujenga vimelea sugu. Ukihama makazi, usiondoke bila barua ya uhamisho na dawa za kukufikisha kliniki mpya. Wanaopotea katika huduma hizi mara nyingi hupotea wakati wa kuhama, kufunga ndoa, kubadilisha kazi au kufiwa na aliyekuwa akiwakumbusha.

Ugonjwa usiotibika nao una huduma yake. Cicely Saunders alipofungua hospitali ya St Christopher's, London, mwaka 1967, alionyesha kwamba maumivu ya mwisho wa maisha yanaweza kudhibitiwa kwa utaalamu, na kwamba familia nayo ni sehemu ya anayehudumiwa. Ukiambiwa "hatuna la kufanya, mpelekeni nyumbani", uliza mara moja kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa usiotibika, na morfini, dawa ya maumivu makali. Kutuliza maumivu ni kazi ya mfumo wa afya hadi mwisho.

Hatua ya kumi: lalamika kwa namna inayorekebisha ungio

Andika siku, saa, mahali na kilichotokea, bila matusi na bila kukisia nia ya mtu. Anza kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, zipo ngazi za juu: mamlaka ya afya ya eneo, baraza linalosajili madaktari au wauguzi kwa mambo ya maadili, na mfuko wa bima kwa mambo ya malipo. Hapa ndipo ile tofauti ya mmiliki, mlipaji na msimamizi inapokusaidia, maana malalamiko yakipelekwa kwa asiyehusika hukaa kwenye meza hadi yanasahaulika.

Kwa mambo ya mama sikwenda na barua. Nilikwenda na zile pakiti mbili, nikaziweka mbele ya muuguzi kiongozi, nikamwambia, "Dada, naomba utazame nyuma." Alizigeuza, akazisoma mara mbili, akaniuliza mama anaendeleaje. Mwezi uliofuata, nilipompeleka kliniki, nilipita ile wodi kuwasalimia. Kwenye ukuta wa mapokezi, juu kidogo ya kiti cha ndugu wa mgonjwa, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Tafadhali leta dawa zote mgonjwa anazotumia nyumbani, hata za dukani.